Mwitikiaji wa Nazlet Shukr

Kanisa la Nazlet Shukr lilikuwa na waumini mia tatu na kumi kwenye daftari na mmoja kwenye benchi. Wale wa kwenye daftari walikuwa Kairo, Kuwait, Sydney na makaburini, na kila Pasaka walituma salamu, isipokuwa wale wa makaburini. Yule wa kwenye benchi alikuwa Mama Wadii. Naye siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, aliteleza kwenye sakafu yake mwenyewe, aliyokuwa ametoka kuipiga deki kwa mikono yake mwenyewe, akavunjika kifundo cha mguu.

Mumewe, Azer, mlinzi mstaafu wa kivuko cha reli, alisikitika. Hilo lisemwe mapema, maana huko mbele mtu anaweza kudhani hakusikitika. Alimbeba mpaka zahanati, akagombana na muuguzi kwa niaba yake, akamshika mkono wakati wa kufungwa hogo. Ila daktari aliposema, "Wiki sita, mama, mguu huu usiguse chini," kitu fulani ndani ya Azer kiliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikabidi akohoe ili akifiche.

Ijumaa ilikuwa inakuja, na safari hii ilikuwa inakuja na karani wa ofisi ya askofu.

Barua yake ilikuwa mezani wiki nzima, chini ya bakuli la chumvi. Iliandikwa kwa upole mwingi. Ilisema ofisi inathamini sana historia ya Nazlet Shukr, na kwamba karani atafika Ijumaa kushuhudia misa. Kasisi hasali misa peke yake, hilo hata mtoto anayeanza mafundisho analijua: akisema, lazima awepo wa kumwitikia. Mmoja anatosha. Asipopatikana huyo mmoja, kasisi anavua joho anarudi kwake. Ikitokea hivyo mbele ya karani, barua ilimalizia kwa upole uleule, funguo zitachukuliwa, naye kasisi, Abuna Bakhum, ambaye mwendo wake wa kuja ni saa nzima kwa bajaji, atapangiwa kijiji chenye watu.

Na Mama Wadii alikuwa ameshatoa neno lake. Mtoto wao Wadii aliwapangia nyumba Shubra, katikati ya Kairo: ghorofa ya sita, lifti, maji ya bomba usiku na mchana, na chini kabisa mkahawa wenye viti vya mito. Azer alikuwa ameshakichagua kiti chake kwenye picha. Mama Wadii alisema, "Kanisa likifungwa, nitakwenda. Likiwa wazi, sitoki." Mwaka wa tatu huo lilikuwa wazi, kwa sababu yeye ndiye aliyelifungua.

*

"Baba Wadii," aliita Alhamisi jioni, kitandani, mguu umewekwa juu ya mito miwili. "Kesho utanipakia kwenye toroli."

"Toroli la samadi?"

"Lioshe."

"Mama Wadii, daktari kasema mguu usiguse chini."

"Kwenye toroli utagusa chini gani? Utanisukuma mpaka mlangoni, nitaitikia nikiwa humohumo ndani. Hakuna palipoandikwa kwamba anayeitikia lazima awe amesimama."

Azer alitoka nje akarudi, uso wake umejaa huzuni ya mtu aliyeifanyia mazoezi. "Gurudumu halina upepo."

"Asubuhi lilikuwa nao."

"Ndiyo mambo ya upepo, mke wangu. Huwa unatoka."

Mama Wadii alimtazama kwa muda mrefu kuliko Azer alivyopenda. Kisha akasema, taratibu, "Basi nenda wewe."

"Mimi!"

"Ukae tu. Uitikie. Ni maneno ya kuitikia, si kubeba magunia."

"Labiba, mke wangu, miaka kumi na moja sijakanyaga mle. Niliapa."

"Kwa sababu ya feni."

"Si feni! Ni heshima! Natoa feni kwa pensheni yangu, jipya, la mabawa matatu, kasisi yule wa zamani analitundika upande wa wanawake! Natokwa jasho huku nikitazama zawadi yangu inawapepea kina mama!"

"Sasa wale kina mama wote wameondoka, na feni lipo. Lihamie."

Azer alitazama dari. Mama Wadii alijigeuza ukutani, kadiri mguu ulivyomruhusu. "Haya. Kama huwezi kuitikia, kamwambie Abuna siji. Asikae akiningoja. Hilo unaliweza?"

Hilo aliliweza. Moyoni alianza hata kupanga maneno.

Simu ililia, Wadii. "Baba, vipi mama?"

"Anaendelea vizuri," Azer alisema kwa sauti ya chini, akitoka nayo ukumbini. "Andaa gari. Jumamosi njoo."

"Amekubali?"

"Atakubali kesho, kama saa moja na nusu hivi."

*

Ijumaa asubuhi, kwa kuwa mwenye jiko alikuwa kitandani na hakuna wa kumchunga, Azer alijikaangia mayai mawili kwa samli. Ijumaa ni siku ya mfungo, hata Waislamu wa kijiji wanajua jirani zao hawagusi yai siku hiyo. Jirani yake Haji Dahi, mwenzake wa domino, alipopita dirishani alisimama akanusa.

"Azer! Ijumaa hii?"

"Ni maharage."

"Maharage yako yanatoa harufu ya kuku. Mke hajambo?"

"Yupo. Naenda kanisani kumwombea udhuru."

"Kwa hiyo leo ndiyo mnafunga duka." Haji Dahi alitikisa kichwa. "Babangu alibeba matofali ya kanisa lile, ujue. Alilipwa, lakini alibeba. Halafu mnaondoka, domino nicheze na nani? Na yule shemeji yangu anayeficha vipande?"

"Utanitembelea Shubra. Kuna lifti."

"Lifti nipande niende wapi?" alisema Haji Dahi, akaenda zake.

Azer alivaa kanzu safi, akashika njia. Kanisa lilikuwa dakika tano. Alitembea kama mtu anayekwenda kupokea kitu.

Ndani alikuta watu wawili. Abuna Bakhum, ndevu nyeupe, mgongo uliopinda kwa safari za bajaji, alikuwa akifuta vumbi madhabahuni. Kwenye benchi la nyuma kabisa alikaa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na jalada la plastiki mapajani. Huyo alijitambulisha kuwa ni Bwana Rifaat, karani wa ofisi ya askofu.

"Huyu ndiye?" Rifaat alimuuliza kasisi.

"Huyu ni mume wake."

"Anahesabika?"

"Tangu nije hapa sijawahi kumhesabu," alisema Abuna. "Karibu, Azer. Mama Wadii yuko wapi?"

Azer aliyatoa maneno yake yote aliyoyapanga, mguu, hogo, wiki sita, na alipofika "kwa hiyo haji" aliinamisha kichwa. Alitegemea Abuna angetazama mlango, au kalenda, au karani. Abuna akauliza, "Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Anaumwa sana? Analala?"

"Analala kidogo."

"Na nani anampikia?"

Azer alijifuta mdomo. "Mimi."

"Masikini," alisema Abuna, na haikufahamika anamsikitikia nani.

Rifaat alifungua jalada. "Basi, Abuna, tusijichoshe. Nitaandika hakuna mwitikiaji, tutie saini."

"Wewe mwenyewe si umebatizwa? Itikia."

"Mimi ni wa ofisi. Nikiitikia nitakuwa nimeijaza fomu yangu mwenyewe."

"Kweli," alisema Abuna. "Lakini nimesafiri saa nzima, na leo bajaji haikuwa hata na mto. Ngoja nivae. Nitatoa salamu ya kwanza, kama ilivyo kawaida. Isipoitikiwa, nitavua, na mtakuwa na saini yenu."

"Ni dakika tano za bure," alisema Rifaat.

"Dakika za bure ndizo nilizobaki nazo."

Azer angeweza kuondoka. Ujumbe ulikwishafika. Lakini kutoka wakati kasisi anavaa kungekuwa kama kutoka kwenye msiba kabla maiti hajafunikwa, kwa hiyo alisimama upande wa wanaume, karibu na mlango, akiwaza kuhusu viti vya mito. Joto lilikuwa kali. Kule upande wa wanawake feni lake, la mabawa matatu, lilikuwa linazunguka juu ya mabenchi matupu.

Abuna alitoka amevaa joho jeupe lenye kiraka begani. Alishika msalaba mkononi, akageukia mabenchi, akainua mkono.

"Amani kwenu nyote."

Hao "nyote" walikuwa karani asiyehesabika na mzee mwenye mayai mawili tumboni.

Kimya.

Abuna hakushusha mkono. Hakumtazama Azer pia, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alitazama pale Mama Wadii anapokaa, akangoja, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Rifaat alifungua kifuniko cha kalamu. Kilisikika.

Azer alitazama vidole vyake vya miguu. Miaka thelathini alisimama kwenye kivuko cha reli, na hakuna dereva hata mmoja, wa abiria wala wa miwa, aliyepiga honi akakosa kuinuliwa mkono. Ndivyo walivyo watu wa huko. Katika Nazlet Shukr koo mbili ziliwahi kunyimana maji ya mfereji miaka saba kwa sababu mtu mmoja alisalimiwa njiani akapita. Ukimchukia mtu, muibie, mpeleke mahakamani, lakini salamu yake itikia. Na pale mbele yake alikuwepo mzee wa miaka sabini na mbili, mkono umeinuliwa, anatoa salamu, na watu wazima wawili wanamtazama tu.

Jasho lilimtoka. Alihesabu mpaka tisa.

"Na iwe kwa roho yako pia!" alisema, kwa sauti ya kusimamisha treni.

Njiwa wawili waliruka kutoka kwenye kuba. Abuna Bakhum hakutabasamu, hakusita, hakuvuta hata pumzi. Aliendelea na sala papo hapo, haraka, kama mtu aliyempitisha punda kwenye geti na hataki punda aanze kufikiri.

"Ngoja, Abuna," alisema Azer. "Ile ilikuwa salamu tu. Mtu akisalimiwa..."

"Tusali," alisema Abuna.

"Bwana, utuhurumie," alisema Azer, maana ndilo jibu lake, na lilitoka kabla hajalizuia.

Baada ya hapo hapakuwa na pa kushukia. Kila alipodhani imekwisha, Abuna alimgeukia na nyingine. Na ajabu ni kwamba alizijua zote. Mama Wadii alikuwa na tabia ya kufanya mazoezi kila Alhamisi akikanda unga, ukuta ni wa udongo, na miaka kumi na moja Azer alilala upande wa pili wa ukuta ule akizilaani. Alijua hata mahali anapokosea. Kuna ombi moja refu, kwa ajili ya maji ya mto na mimea ya shambani, ambamo Mama Wadii huruka mstari mzima na kuitikia mapema. Azer aliruka mstari uleule, akaitikia mapema vilevile. Abuna, aliyekuwa anasoma, aliinua uso. Alifunga macho kidogo, kisha akaendelea kuanzia pale alipozoea kuendelea.

Ilichukua saa tatu. Ulipofika wakati wa kushiriki mkate mtakatifu, Abuna alisogea na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Umefunga?"

"Mayai mawili, Abuna. Kwa samli."

"Leo?"

"Leo."

"Niliyaona," alisema Abuna. "Yamo kwenye masharubu. Kaa tu."

Azer alijifuta kwa mkono wa kanzu, masikio yakimwaka, huku nyuma yake kalamu ya Rifaat ikikwaruza.

"Unaandika mayai?" Azer alimgeukia.

"Fomu haiulizi mayai," alisema Rifaat, bila furaha. Siku yake ilikuwa imeharibika, alikuwa amepanga kuwa njiani saa mbili. "Inauliza kama alikuwepo wa kuitikia. Jina?"

"Azer Fanous."

"Kazi yako kanisani?"

"Sina."

"Lazima niandike kitu."

"Andika mwitikiaji," Abuna alisema kutoka nyuma ya pazia, mdomo ukiwa umejaa mkate, kwa kuwa leo ulikuwa wote wa kwake.

*

Mama Wadii alikuwa ameketi kitandani, wima, dirisha wazi. Kanisa ni dakika tano kwa miguu, kwa sauti ni karibu zaidi.

"Nimesikia treni," alisema.

Azer aliketi kwenye kigoda akavua viatu. "Nilimwitikia salamu. Mzee kasimama na mkono juu, nifanye nini? Mimi si mtu wa dini sana, lakini nina adabu."

"Adabu hiyo imechukua saa tatu?"

"Anajua kumzungusha mtu, yule."

"Karani?"

"Kaondoka. Kaandika kaondoka. Halifungwi." Alilisema hilo akitazama sakafu, na aliposikia kimya alidhani analia, lakini alipoinua macho alimkuta anatabasamu na kujipepea na ile barua.

"Nenda ukalijaze upepo gurudumu," alisema.

"Gurudumu gani?"

"Azer. Nina mguu mmoja mbovu. Macho yote mawili ni mazima, na hili dirisha linatazama uani."

Azer aliokota kiatu kimoja akaanza kukifuta vumbi. Alijua ameshapoteza: hakuna lifti, hakuna mkahawa, hakuna kiti. Alianza hata kujizoesha, kama mtu anavyozoea kung'olewa jino. Angalau wamebaki wote wawili, alijiambia. Ndipo Wadii akapiga simu. Mama alizungumza naye mwenyewe, "ndiyo mwanangu, sawa mwanangu," akakata.

"Wadii kapata daktari wa mifupa. Hawa wa hapa wanasema mfupa unaweza kuunga vibaya. Kesho anakuja kunichukua. Nitakaa Shubra mpaka nitakapotembea."

Azer alisimama, kiatu kimoja mkononi. "Si ulisema kanisa likiwa wazi hutoki?"

"Nilisema hivyo likiwa halina mtu mwingine. Sasa lina mtu."

"Nani?"

 Mama Wadii alimtazama tu, kwa huruma kubwa.

"Labiba! Mimi ndiye niliyetaka Kairo! Miaka mitatu!"

"Najua, mume wangu. Nitakutumia picha."

*

Jumamosi Wadii alimpakia mama yake kiti cha mbele, mto chini ya mguu, na akamuuliza baba mara mbili kama haji. "Nina kazi," alisema Azer, na Haji Dahi, aliyekuwa ameshika mlango wa gari, alicheka mpaka akakaa chini. Mama Wadii alitoa kichwa dirishani. "Usiitikie upesiupesi kama unayemfukuza mtu! Na usile!" Gari likaondoka na vumbi lake.

Alhamisi Mama Wadii alipiga simu kutoka ghorofa ya sita. Alikuwa amepelekwa kanisani Shubra kwa kiti cha magurudumu. Watu elfu moja, alisema. Vipaza sauti. Vijana hamsini wa kwaya, wote wamevaa sare. "Niliitikia kwa nguvu zangu zote, mama mmoja akanigeukia akaniambia ssss. Huku hata nisipokwenda, Baba Wadii, hakuna kitakachotokea."

"Basi rudi."

"Mguu bado. Umeshakula chakula cha jioni?"

"Maharage. Maharage ya kweli."

"Sasa usiguse kitu tena."

Hakugusa. Aliamka Ijumaa na njaa, amemkasirikia mkewe, Abuna na Mungu, kwa mpangilio huo. Hakuna karani aliyekuwa anakuja, wala fomu. Angelala mpaka saa tatu na kijiji kizima kisingejua. Saa kumi na mbili alikuwa amefungua mlango wa kanisa, amefagia kinyesi cha njiwa, amekaa.

Saa moja Abuna hakufika. Saa mbili hakufika. Jua lilipanda ukutani. Azer alisimama mara tatu aende, na sababu alikuwa nazo nzuri: bila kasisi hakuna misa, hakuna mtu wa kumlaumu, na tumbo lilikuwa linanguruma ndani ya kuba mpaka likarudi kama sauti ya mtu mwingine. Mara tatu alifika mlangoni akaitazama barabara ya miwa, nyeupe, tupu. Mara tatu akarudi kukaa.

Saa tatu kasorobo Abuna Bakhum aliingia, matope mpaka magotini, kofia mkononi. Bajaji ilimfia kwenye mfereji, na nusu ya njia ameitembea.

"Bado upo," alisema, akishika nguzo apate pumzi. "Njia nzima nilijiambia, nitakuta kufuli."

"Ungechelewa kidogo ningeanza mwenyewe."

"Huruhusiwi kusali misa peke yako."

"Wala wewe," alisema Azer, akainuka kwenda kumtafutia maji ya kunawa miguu.